Kumbukumbu ya mradi: taa ya LED ya kujitengenezea kwa tangi la samaki la sm 60

Hesabu kabla ya drili

Tangi lina urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kimo cha sm 36. Ukitoa changarawe, unene wa kioo na nafasi ya juu, maji ni lita 55 hivi. Humo mna mimea ya Cryptocoryne, Anubias na Vallisneria, bila mtungi wa kaboni dayoksaidi, kwa hiyo kinachotafutwa ni mwanga wa kati: lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 30 hadi 40 kwa lita. Ukizidisha hapo bila kaboni ya kutosha, mimea inashindwa kuutumia mwanga wote, na anayefaidi ni mwani.

LED ni za wati 3, zilizokaa kwenye visahani vya alumini vya mm 20: nyeupe 10 za kelvini 6500 na nyekundu 2 za nanomita 660. Nyeupe moja ikipewa miliampea 700 hutoa takriban lumeni 200, hivyo zote 10 ni lumeni 2000, yaani 36 kwa lita. Nyekundu sikuziingiza kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa jicho haliioni vizuri nanomita 660. Klorofili inainyonya vizuri, na majani ya kahawia hupata rangi yake halisi.

Zote 12 zimeungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya ya pili. Nyeupe huchukua volti 3.3 kila moja na nyekundu 2.2, jumla volti 37.4. Draiva (kifaa kinachozipa LED umeme) basi ni ya mkondo thabiti wa miliampea 700, yenye volti za kutokea kati ya 24 na 42, na ya aina ambayo upande wa LED umetengwa kabisa na umeme wa ukutani. Adapta ya volti thabiti isitumike hapa, hata kama namba zake zinakaribiana. LED ikipata moto, volti inazohitaji hushuka. Adapta ikiendelea kuisukumia volti zilezile, mkondo unapanda, joto linaongezeka, mkondo unapanda tena, mpaka moja inaungua na mfululizo wote unazimika.

Kipoza joto

Wati zinazoingia kwenye LED ni 26 hivi. Kama theluthi moja tu hutoka kama mwanga. Zaidi ya wati 17 ni joto linalotakiwa kuondoka. Nimetumia kipoza joto cha alumini cha sm 58 kwa sm 10, chenye mapezi ya mm 25 yanayotazama juu ili hewa ya moto ipande yenyewe bila feni. Feni juu ya maji huvuta unyevu na haidumu.

Safu ni mbili, LED 6 kila safu, sm 9 kati ya moja na nyingine, na safu ya pili imesogezwa nusu hatua. Matundu yametobolewa kwa keekee ya mm 2.5, kisha zikakatwa hesi (mizunguko ya kushika skrubu) za M3 kwa tone la mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye chombo. Baada ya kutoboa, pitisha kidole juu ya kila tundu: utahisi ukingo mkali uliosimama. Huo usipoondolewa kwa msasa namba 400 uliobandikwa kwenye kibao bapa, kisahani kitakaa kimeinuka na chini yake kutabaki hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Girisi ya kupitisha joto iwe kiasi cha nusu punje ya mchele tu. Kisahani kikikazwa, ionekane kidogo pembeni. Skrubu ziwe na washa za nailoni, maana kichwa cha chuma kinaweza kugusa sehemu ya kulehemu na kuunganisha umeme na kipoza joto.

Kulehemu

Sehemu za kulehemu zipakwe risasi kabla visahani havijafungwa. Kikishafungwa, kipoza joto kinakula moto wote na chuma cha kulehemu cha wati 25 hakifui dafu. Hapa kimetumika cha wati 60, kwenye nyuzi 350. Risasi iliyoshika hutandaa, hung'aa, na kingo zake hushuka taratibu hadi kwenye shaba. Ikibaki mviringo kama ushanga uliowekwa juu, haijashika, na itaachia baada ya taa kupata moto na kupoa mara kadhaa. Waya ni wa mm² 0.75.

Kabla ya umeme wowote, mita ya umeme iwekwe kwenye alama ya mlio (hulia ncha zake mbili zikigusa vitu vilivyoungana kiumeme). Ncha moja iguse kipoza joto mahali palipokwanguliwa (alumini iliyopakwa rangi hudanganya mita), nyingine ipite kila kiungo. Nyeupe ya saba ililia. Sababu ilikuwa unywele mmoja wa waya uliochomoza nje ya risasi na kuinamia ukingo wa kisahani. Ukakatwa, mlio ukaisha. Jambo dogo, ila lingeacha kipoza joto na LED kwenye umeme mmoja.

Kuwasha

LED ziungwe kwanza kwenye draiva, ndipo plagi iingie ukutani. Kinyume chake kinaua: draiva isiyo na mzigo hupanda hadi volti zake za mwisho, na ukizigusisha LED wakati huo, umeme uliojikusanya unazipiga mara moja.

Vipimo vya kwanza: miliampea 690, volti 37.1. Baada ya saa mbili volti zilishuka hadi 36.4 na mkondo haukubadilika, jambo linaloonyesha wazi kwa nini mkondo ndio unaoshikwa. Joto la katikati ya kipoza joto lilikuwa nyuzi 49, chumba kikiwa nyuzi 27. Nisingekubali zaidi ya 60.

Kosa lililojitokeza hapa ni lenzi. Nilianza na za digrii 60, na sakafu ya tangi ikawa na madoa: meupe kila mahali na mawili ya waridi chini ya LED nyekundu, huku pembe za mbele zikiwa giza. Taa ikiwa sm 12 juu ya maji, lenzi hazina kazi kwa kimo hiki. Zimetolewa zote. LED tupu hutawanya mwanga kwa digrii 120 hivi, rangi zikachanganyika na madoa yakapotea.

Kifuniko na unyevu

Chini kuna akriliki safi ya mm 3, mm 15 kutoka kwenye LED, imebandikwa kwenye fremu ya alumini. Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Ile ya siki hutoa asidi inapokauka na shaba ya viungo inaota kutu ya kijani.

Mara ya kwanza niliziba kila upande. Siku ya nne matone yakaonekana ndani ya akriliki. Hewa ya ndani hupanuka taa ikiwaka, ikipoa hunywea na kufyonza mvuke kwenye ufa wowote, na mvuke ukishaingia hauna pa kutokea. Sasa kuna matundu mawili ya mm 3, moja kila ncha, juu ubavuni ambako maji hayarukii. Ndani kumekauka na kubaki hivyo.

Draiva iko mbali na maji, ukutani. Waya unaokwenda kwenye soketi unashuka chini ya soketi kwanza kisha unapanda, ili tone likitiririka lidondoke kwenye kona hiyo. Kipoza joto kimefungwa waya wa athi, na soketi iko nyuma ya swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Haya mawili yasirukwe hata kwa majaribio ya dakika moja.

Hali ilivyo sasa

Swichi ya saa imewekwa saa 6 kwa siku kwa wiki tatu za mwanzo, kisha nusu saa inaongezwa kila wiki hadi 8. Vumbi la kijani kwenye kioo ni la kawaida na linafutika. Nyuzi za mwani zikishika kingo za Anubias, rudi nyuma saa moja, wala usiongeze mbolea. Vallisneria imeanza kutoa machipukizi ya pembeni. Kilichobaki ni kubadili miguu ya muda kwa nyaya za kuning'iniza, ili taa iinuke bila kufunguliwa wakati wa kusafisha.