Jumapili ya maonyesho: siku yangu na klabu ya baji

Siku za kawaida mimi ni dereva wa basi hapa Gateshead, ng'ambo ya mto kutoka Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Lakini kila Septemba kuna Jumapili moja ninayofanya kazi ngumu kuliko ya basi, tena bila mshahara: maonyesho ya klabu yetu ya baji, wale kasuku wadogo wa Australia. Ndugu zangu wa Tanga hawaishi kuniuliza hiyo ni kazi gani. Haya, jibu lenu hili hapa, saa kwa saa.

Saa 11 alfajiri

Banda langu la mbao liko nyuma ya nyumba. Nimefunga swichi inayowasha taa polepole, kwa sababu mwanga wa ghafla huwashtua ndege wakarukaruka ovyo, na baji aliyevunjika unyoya wa mkia asubuhi ya maonyesho hana pa kwenda siku hiyo. Masanduku ya kutagia nilishayaondoa. Huku wafugaji wengi huwaunganisha madume na majike kuanzia Novemba, ili makinda waanguliwe karibu na Januari 1, siku pete za miguuni za mwaka mpya zinapoanza kutumika. Jike hutaga yai leo, akaruka kesho, akataga tena keshokutwa, na kila yai huchukua kama siku 18 kuanguliwa. Kinda wa Januari anapata miezi ya kutosha kukomaa kabla ya Septemba. Wa Juni anaingia ukumbini bado mtoto.

Pete ni duara kamili, haina mwanya wa kufungulia. Kinda akiwa na umri wa wiki moja hivi unakusanya vidole vitatu virefu, unapitisha pete, kisha kile kidogo cha nyuma unakichomoa kwa njiti ya kiberiti. Siku chache baadaye mguu umenenepa na pete haitoki tena. Imeandikwa mwaka na namba ya mfugaji, kwa hiyo ndicho cheti chake cha kuzaliwa, na hakuna wa kudanganya umri.

Saa 11 na nusu

Taa ya meza, kitambaa cheupe, kibano. Chini ya mdomo wa baji kuna barakoa, ya manjano kwa ndege wa kijani na nyeupe kwa wengi wa bluu. Juu yake panatakiwa madoa sita meusi ya mviringo: manne ya katikati yaonekane wazi, mawili ya pembeni yafunikwe kidogo na viraka vya mashavu. Ndege mwenyewe hana habari na hesabu hiyo, huota madoa mengi kupita hayo. Basi unamlaza chali kiganjani, shingo katikati ya vidole viwili, kifua huru kabisa, maana ndege hupumua kwa kupanua kifua na ukikibana utamwua mkononi. Unachagua doa la ziada, unalishika karibu na ngozi, unalivuta kuelekea linakoota. Kazi kubwa niliifanya katikati ya wiki, leo nakagua tu. Doa zuri likitoka kwa bahati mbaya, itabidi usubiri wiki kadhaa unyoya mpya uote, na maonyesho hayamsubiri mtu.

Wiki zote za Agosti nimekuwa nikiwanyunyizia maji ya vuguvugu kila siku ili manyoya yakae vizuri, kisha nikaacha siku chache kabla ya leo. Aliyechafuka kichwa nilimwogesha kwa shampuu ya watoto. Mdogo wangu aliona picha akaniandikia: "Kaka, yaani umevuka bahari kwenda kuogesha kasuku?" Nilimjibu kwamba ndivyo, na maji nayachemsha kabisa.

Saa 1 asubuhi

Ukumbi ni wa klabu ya wafanyakazi, moja ya zile zilizobaki tangu enzi za migodi ya makaa ya mawe. Nje inanyesha. Tunafunga majukwaa ya kupangia vizimba, ngazi tatu tatu, huku mwenyekiti wetu, mzee aliyezidi miaka 80, akielekeza kwa fimbo yake ya kutembelea. Vijana tuko wachache, na katika klabu hii mimi mwenye mvi nahesabiwa kijana.

Vizimba vyote vya maonyesho vinafanana: nje vyeusi, ndani vyeupe, vijiti viwili vya kusimamia, mbegu zimemwagwa sakafuni. Hakuna jina, hakuna alama, hakuna rangi ya mtu. Mbele kuna kibandiko chenye namba ya kundi na namba ya kizimba, basi. Jaji asijue kama ndege ni wa bingwa wa miaka 40 au wa dereva wa basi kutoka Tanga. Tunapanga kwa ngazi za wafugaji, wanaoanza, wachanga, wa kati na mabingwa, na watoto wana sehemu yao. Ndani ya kila ngazi ndege wa mwaka huu hutenganishwa na wakubwa, halafu rangi: kijani, kijani-kijivu, bluu, kijivu, opalini, sinamoni, lutino wa manjano mwenye macho mekundu, na kuendelea.

Jikoni wake wa wanachama wanakaanga nyama ya nguruwe ya kutia kwenye mkate. Mimi wananiwekea wa yai bila kuulizwa.

Saa 4

Jaji ametoka kusini, hana urafiki na mtu hapa. Wenye ndege wanatolewa nje na mlango unafungwa. Mimi ni msaidizi wake leo. Nabeba vizimba hadi kwenye meza yake na kuvirudisha, mdomo nimeufunga. Ndege wangu akipita mbele yake natazama dirishani.

Ana fimbo nyembamba. Anaigusisha kwenye waya taratibu, ndege anahama kijiti kimoja kwenda kingine, naye anatazama anavyotua. Kiwango kinataka baji asimame wima akiinama kidogo, kama nyuzi 30, ametulia. Mwenye kujibanza pembeni au kuning'inia kwenye waya hupitwa hata awe mzuri vipi. Ndiyo maana tangu wakiwa wadogo tunawatundikia kizimba cha maonyesho kwenye mlango wa kile cha kulala, waingie na kutoka wenyewe mpaka wakizoee.

Leo kundi la kijani-kijivu lina vizimba vingi. Jaji anavipanga mstari, anavuta kimoja mbele, anasukuma kimoja nyuma, anasimama, anabadilisha tena viwili. Anatafuta kichwa kipana kinachopanda juu kutoka mdomoni, mabega, mgongo ulionyooka, na urefu: kiwango cha hapa kinasema milimita 216 kutoka utosini hadi ncha ya mkia. Baji wa porini Australia ana kama sentimita 18 na uzito wa gramu 30 hadi 40. John Gould, mtaalamu wa ndege Mwingereza, alipoleta baji hai Uingereza mwaka 1840, walikuwa hao wadogo, wa kijani na manjano. Urefu na rangi zote za ukumbini leo vimetoka kwa wafugaji.

Wawili wa mwisho wanabaki mezani. Mmoja ana manyoya marefu ya utosini yaliyoanguka hadi yakafunika macho. Anageuza kichwa huku na huku kutafuta kijiti. Wa pili ni mdogo kidogo lakini jicho lake laonekana, na alipoguswa alihama mara moja. Jaji alitazama kitambo kirefu. Alimpa ushindi mwenye manyoya.

Sikusema kitu. Kazi yangu ni kubeba vizimba.

Saa 6 mchana

Mapumziko ya chai, na huko mdomo ulifunguka. Nilimwambia mwenyekiti yule kijani-kijivu haoni chakula chake. Akacheka. "Wewe ulikuwa hujafika wakati Wajerumani walipokuja," akasema. Anamaanisha ndege wa Jo Mannes, mfugaji wa Ujerumani ambaye damu yake iliingia kwenye mabanda ya Uingereza na ya Ulaya nzima, na kuleta yale manyoya marefu yanayopanda juu ya paji la uso. Kabla yake, anasema mzee, aliyetafutwa alikuwa ndege wa Harry Bryan, mfugaji wa hapa Uingereza, na wazee waliotangulia walilalamika vilevile kwamba hao ni wakubwa mno.

Mimi bado nalalamika. Manyoya yakizidi, uzazi unapungua. Wafugaji wa ndege wa namna hiyo hulazimika kupunguza kwa mkasi manyoya ya sehemu ya nyuma kabla ya kuwaunganisha, la sivyo mayai hayana mbegu. Na mara mojamoja kwenye mabanda ya maonyesho huanguliwa kinda ambaye manyoya yake hayaachi kukua, yanajikunja yakimfunika mwili mzima, hawezi kuruka, na hafikii utu uzima. Nimewahi kumwona mmoja kwa rafiki yangu. Tunachokipa utepe leo ndicho kitakachotoka kwenye masanduku mwakani, kwa sababu kila aliye ukumbini akirudi nyumbani anatafuta damu ya mshindi.

Saa 8

Milango inafunguliwa kwa wageni. Swali la kwanza, kama kila mwaka: "Wanaongea?" Hawa hawaongei, hakuna anayewafundisha, wanaishi kundi zima na kelele zao wenyewe. Lakini eneo hili lina haki ya kuuliza. Baji maarufu kuliko wote Uingereza alikuwa wa hapahapa: Sparkie Williams, aliyezaliwa 1954, aliyejua maneno zaidi ya 500 na mashairi ya watoto, akashinda shindano la BBC la ndege wasemaji mwaka 1958, akatumiwa kwenye matangazo ya chakula cha ndege. Alikufa 1962, na mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Hancock, Newcastle. Nikiwaambia watoto hivyo wanataka kwenda kumwona muda uleule.

Matokeo yangu: jike wangu wa sinamoni nafasi ya nne kwenye kundi lake. Jaji aliniambia baadaye, alipoambiwa ni wa nani, kwamba anakosa mabega. Ni kweli. Mshindi wa jumla ni yule kijani-kijivu asiyeona, mali ya bingwa ambaye sote tulimtarajia. Kwenye watoto, binti mmoja wa shule ya msingi alishinda kwa dume wa bluu aliyetulia kijitini kuliko ndege wengi wa mabingwa.

Vikombe vya maji tunavitia sasa, baada ya jaji kumaliza. Nazunguka na birika.

Saa 9 na nusu

Huu ndio wakati ninaoupenda, watu wanapouziana na kubadilishana nje ya meza. Nimepata dume wa opalini. Namtaka dume hasa, si jike, kwa kuwa rangi hii hufuata jinsia. Dume wa opalini kwa jike wa kawaida atanipa majike wote opalini, na madume wote wa kawaida waliobeba opalini ndani. Nikigeuza, jike opalini kwa dume wa kawaida asiyebeba, sitapata opalini hata mmoja msimu huo. Ana mabega, na nilimpulizia manyoya ya usoni nikaona macho yote mawili.

Aliyeniuzia anafuga pia cherero wa Fischer, wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa. Alishangaa nilipomwambia kwamba kwao ni kaskazini mwa Tanzania, pande za Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Miaka ya 1980 walikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kabisa duniani. Wake wamezaliwa Uingereza kizazi baada ya kizazi. "Kwa hiyo ni wahamiaji kama wewe," akasema. Nikamwambia wao hawaendeshi basi.

Saa 11 jioni

Majukwaa chini, mbegu zifagiliwe, sakafu ipigwe deki. Saa moja kuna bingo hapa, na mama wa bingo hawana mchezo, wengine wameshakaa.

Saa 2 usiku

Dume mpya yuko chumba cha nje peke yake, na atakaa huko mwezi mzima. Nakagua pembe za mdomo na miguu kama kuna ukoga ule mweupe wa utitiri, natazama kinyesi, nampimia uzito. Ndege wanaotoka ukumbini hubeba magonjwa bila kuonyesha dalili, na klabu nzima inaweza kuambukizana kwa alasiri moja. Waliokwenda maonyesho nao wanalala mbali na wenzao. Vizimba naviosha kwa dawa.

Mke wangu amenibakishia wali na maharage ya nazi. Nakula huku naandika matokeo ya kupeleka kwa wanachama, kundi kwa kundi.

Kiwango cha baji si chetu kukibadilisha, kinawekwa na chama cha taifa kilichoanza 1925. Lakini jaji wa mwakani tunamchagua sisi. Kwa hiyo kabla ya kulala nimemwandikia mwenyekiti nikapendekeza mama mmoja wa Yorkshire ambaye husogeza manyoya kwa kijiti atazame macho kabla ya kuamua. Jibu lilikuja upesi kwa mzee wa umri wake: "Tutalijadili kikao cha Oktoba. Wewe utakuja na majina matatu, si moja. Na uwahi kupanga viti."