Fundo la Kanga

Mwaka 1997 nilikuwa mwanafunzi wa fiziotherapia, nikijifunza kazi kwa vitendo katika hospitali moja ya pwani, kwenye idara ambayo wagonjwa waliiita "mazoezi" tu. Pembeni palikuwa na mashine kuukuu ya diathemia ya mawimbi mafupi, yaani ya kutibu kwa joto, yenye mikono miwili iliyobeba visahani vya kupitishia mawimbi, nasi wanafunzi tuliipenda kwa mchezo mmoja: ukisogeza taa ndogo ya neoni karibu na visahani hivyo, inawaka bila waya wowote.

Mashine hiyo ilitumia mawimbi ya redio ya megahezi 27.12, ambayo hugeuka upesi mno hata mishipa ya fahamu isiwahi kushtuka. Kinachobaki ni joto, nalo huzaliwa ndani ya nyama yenyewe, tofauti na kitambaa cha maji moto kinachoanzia juu ya ngozi. Hata hivyo, mashine haikuonyesha popote joto hilo limefika kiasi gani. Kipimo kilikuwa mgonjwa mwenyewe, na ndiyo maana tulianza kwa kumgusisha mirija miwili, mmoja wa maji baridi na mwingine wa maji ya moto kidogo, ili tujue kama ngozi yake inatofautisha.

Asubuhi moja aliletwa bibi mmoja aliyesumbuliwa na kiuno. Nilimwamkia, nikampima kwa mirija, kisha nikamuuliza, "Bibi, una kitu chochote cha chuma mwilini?" Akavua bangili, herini na pete, akanikabidhi. Nilimlaza kwenye kitanda cha mbao, nikatandika taulo kavu kwa kuwa matone ya jasho nayo hukusanya joto, lakini kanga aliyojifunga ndani sikuthubutu kuigusa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na yeye alilingana na bibi yangu mzaa mama.

Nilimweleza kwamba anapaswa kusikia joto la kustarehesha tu, na likizidi aseme. Dakika ya kumi nikamuuliza hali. "Inaingia, mwanangu, dawa inaingia," akajibu, huku ameuma mdomo. Kwa wazee wetu dawa isiyouma ni maji matupu, na hilo nililijua tangu utotoni. Sijui kwa nini sikulikumbuka siku ile. Msimamizi wangu, aliyekuwa akipita, alimtazama usoni mara moja tu akazima mashine.

Katika pindo la kanga, penye fundo la kiunoni, mlikuwa na sarafu tatu. Metali ilikuwa imeyakusanya mawimbi mahali pamoja, na chini yake ngozi iliiva duara dogo ambalo jioni lilitoa lengelenge.

"Mbona hukusema, bibi?"

"Uliniuliza chuma," alinijibu kwa mshangao wa kweli. "Hii si nauli yangu?"

Msimamizi hakumlaumu. Alinituma maji baridi, kisha akanipa daftari la matukio niandike kwa mkono wangu mwenyewe yaliyotokea, pamoja na swali langu neno kwa neno. Tangu siku hiyo nilitaja vitu kimoja kimoja: pesa, pini, funguo, hirizi.

Kidonda kilipopona kabisa, bibi alirudi kumalizia tiba. Kabla sijamwamkia alifungua fundo, akanitilia sarafu kiganjani. "Shika wewe," akasema, "nami nikitoka nizihesabu."