Jina la Kikoa Lililoisha Muda Humwendea Nani?

Watu wengi wanaosimamia tovuti za shule, vyama vya akiba na mashirika madogo huamini kwamba jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kwenye intaneti, lisipolipiwa hufutwa usiku uleule, na kwamba kuanzia kesho yake yeyote anaweza kulichukua. Mambo hayaendi hivyo. Kati ya siku ya kuisha muda na siku ambayo mgeni analimiliki jina hilo, kuna hatua kadhaa zenye kanuni zake, na naona ni muhimu kila mwenye tovuti azifahamu, kwa sababu katika nyingi kati ya hizo bado ana nafasi ya kuliokoa.

Nitazungumzia majina yanayoishia na .com, ambayo ndiyo yametapakaa zaidi. Daftari kuu la majina hayo hutunzwa na kampuni ya Verisign ya Marekani, wasajili ndio wanaowauzia wateja, na ICANN, shirika linaloratibu majina ya kikoa duniani, ndiyo inayoweka masharti yanayowabana wasajili. Mteja halinunui jina likawa lake daima, bali hulisajili kwa muda wa kati ya mwaka 1 na miaka 10. Siku ya mwisho ikipita bila malipo, Verisign huongeza mwaka mmoja papo hapo na kumtoza msajili, naye msajili ana siku 45 za kuamua: akilifuta jina ndani ya siku hizo hurudishiwa fedha zake, asipolifuta gharama humbakia. Hapa ndipo wengi wanapopotoka, kwa kuwa mtu akiangalia taarifa za usajili katika daftari kuu huona tarehe imesogezwa mbele mwaka mzima, akatulia akidhani kuna mwenzake ofisini aliyelipa, kumbe hakuna aliyelipa chochote.

Siku ambazo mteja anaruhusiwa kuhuisha jina katika kipindi hicho huamuliwa na msajili wake, na hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kinachomlazimu kila msajili ni kutuma ukumbusho takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, mwingine takriban wiki moja kabla, na mwingine ndani ya siku 5 baada ya muda kuisha, kisha kuizima tovuti kwa siku zisizopungua 8 kabla ya kulifuta jina, ili mwenye jina ashtuke hata kama barua pepe hazikumfikia.

Jina likifutwa, huingia katika kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo mmiliki wa zamani peke yake anaweza kulirudisha kupitia msajili yuleyule, kwa ada inayozidi sana bei ya kawaida ya mwaka. Baada ya hapo hufuata siku 5 za kusubiri kuondolewa, na katika siku hizo hakuna anayeweza kulirejesha, hata akiwa na fedha mkononi. Ndipo jina huachiliwa.

Mtu wa kawaida anayekaa mbele ya kompyuta akisubiri jina zuri liachiliwe huwa amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Zipo kampuni ambazo kazi yao ni kudaka majina hayo kwa programu zinazotuma maombi mfululizo kwenye daftari kuu, na kwa kuwa kila msajili mwenye kibali hupewa njia zake za kuunganishwa na daftari hilo, kampuni kama DropCatch imewahi kujikusanyia mamia ya vibali ili iwe na njia nyingi kuliko washindani wake. Anayelitaka jina huweka oda mapema katika kampuni hizo, na walioweka oda wakiwa zaidi ya mmoja, jina hupigwa mnada baina yao.

Hata hivyo majina mengi yenye thamani hayafiki huko kabisa. Masharti ya wasajili wakubwa huwaruhusu kulipeleka jina mnadani wakati lingali mikononi mwao, ndani ya zile siku 45, na mnunuzi akipatikana huhamishiwa jina bila ya kufutwa, likiwa na tarehe yake ya kwanza ya usajili. Kipengele hicho mteja alikikubali siku aliyojisajili, mara nyingi bila kukisoma, na kwa maoni yangu kilistahili kuandikwa waziwazi ndani ya kila ukumbusho: tarehe fulani jina lako litaanza kuuzwa kwa mtu mwingine.

Majina ya kikoa yanayoishia na alama ya nchi yana kanuni zake, maana masharti hayo ya ICANN hayayahusu. Mwenye .tz afuate utaratibu wa daftari la Tanzania na mwenye .ke ule wa KeNIC, inayotunza daftari la Kenya, asikisie kwa kutumia siku za .com.

Mmiliki mpya hurithi zaidi ya anwani ya tovuti. Barua pepe zote zinazotumwa kwa anwani za zamani sasa anaweza kuzipokea yeye, zikiwemo zile za kubadilisha nenosiri. Mwezi Mei 2022, mtu alisajili upya kikoa kilichoisha muda cha mtunzaji wa programu ya ctx katika PyPI, hazina ambako watengenezaji programu wa lugha ya Python hupakua vifurushi, akabadilisha nenosiri la akaunti hiyo, kisha akapandisha toleo lililoiba siri za waliolipakua. Mwaka 2024 watafiti wa watchTowr, kampuni ya usalama wa mitandao, walinunua kwa dola 20 jina dotmobiregistry.net, ambalo zamani lilibeba seva ya taarifa za usajili wa majina ya .mobi, na kwa siku chache mifumo zaidi ya 135,000 ilikuwa ikiwauliza wao, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo taasisi inayohamia jina jipya iendelee kulilipia lile la zamani kwa miaka kadhaa, na kabla ya kuliachia iondoe anwani zake za barua pepe katika akaunti za benki, za mitandao ya kijamii na za mifumo ya serikali. Anwani ya kupokelea vikumbusho vya malipo nayo isiwe ya fundi aliyetengeneza tovuti na kuondoka, wala isiwe ndani ya kikoa kilekile, kwa sababu tovuti ikizimwa kwa zile siku 8, barua pepe za kikoa hicho nazo zinaweza kukatika pamoja nayo.