Ile mistari miwili ya speki kwenye grafu ya chembe za udongo

Sampuli iliyoniumbua ilikuwa na namba safi tu. Asilimia ya udongo inayopita kwenye chekeche la matundu ya 50 mm ni 100, 25 mm ni 88, 9.5 mm ni 66, 4.75 mm ni 52, 2 mm ni 38, 0.425 mm ni 25, na chini kabisa 0.075 mm ni 18. Nikazimwaga kwenye programu, nikachagua speki ya mradi, yaani masharti ya asilimia ngapi inaruhusiwa kupita kwenye kila chekeche, grafu ikatoka imenyooka, mstari wa sampuli umekaa katikati ya mistari miwili ya mipaka kama gari kwenye leni yake, nikasema hapa hakuna kesi, nikaandika imefaulu, nikatoa PDF nikatuma. Kesho yake asubuhi simu inaita.

"Kijana, speki umeisoma? Kwenye 0.075 mwisho ni 15. Wewe una 18."

"Samahani injinia, ngoja niicheki."

Nikafungua grafu nikaikodolea macho. Kumbe ile mistari ya mipaka inaishia kwenye 0.425! Kutoka hapo kwenda kulia hakuna kitu, mstari wa sampuli unateremka peke yake kwenye eneo jeupe, na jicho lisipoona mstari wa kuvukwa linaamini hakuna kilichovukwa.

Sababu yenyewe ilikuwa ya kijinga. Karatasi ya speki kwenye machekeche mengine yote inatoa namba mbili, ya chini na ya juu, mfano 2 mm ni 20 hadi 45, na 0.425 ni 15 hadi 30. Ila kwenye 0.075 imeandikwa "isizidi 15" basi, kwahiyo wakati wa kujaza jedwali la speki nikaweka 15 upande wa juu na upande wa chini nikaacha seli tupu. Programu ikiona jozi haijakamilika inaruka safu nzima, haikwambii, haipigi hata king'ora. Dawa yake ni kuandika 0, na haidhuru kitu kwa sababu hakuna asilimia inayoenda chini ya 0. Speki ikigeuka ikasema "isipungue 30" bila kikomo cha juu, huko juu naweka 100. Nimewahi kuona programu nyingine inafanya kinyume, seli tupu inaisoma kama 0 halafu mpaka wa juu unadondoka hadi sakafuni, lakini hiyo afadhali maana ubaya wake unaonekana kwa mbali.

Tangu siku ile msimamo wangu ni mmoja, speki ni data, sio mapambo ya grafu. Inakaa kwenye jedwali lake, safu moja kwa kila chekeche, ukubwa, kima cha chini, kima cha juu, na sampuli inabeba jina la speki inayoihusu. Kutoka kwenye jedwali hilohilo grafu inachora mistari na kutoka kwenye jedwali hilohilo programu inalinganisha namba kwa namba inaandika imefaulu au imefeli. Watu wanachora mipaka kwa mkono juu ya picha ya grafu, au wana templeti ya eksel ambayo mistari ilichorwa zamani na hakuna anayejua inatoka toleo gani la speki, alafu wanahukumu kwa macho. Macho kwenye skeli ya logi, ile ambayo kila hatua ya mhimili wa ukubwa inazidisha mara kumi badala ya kujumlisha, hayafai kuwa hakimu kabisa.

Na hapo kwenye logi ndo pana utamu. Speki inasema kitu kwenye machekeche iliyoyataja tu, katikati yake imenyamaza. Wewe ukiunganisha nukta kwa mstari unakuwa umeongeza maneno ambayo mwandishi wa speki hakuyasema. Chukua hizohizo namba, mpaka wa juu 45 kwenye 2 mm na 30 kwenye 0.425, sasa maabara wamechekecha sampuli nyingine na chekeche la 1.18 pia wakapata 38.5. Je, iko ndani? Ukikadiria kwa logi, yaani mstari ulionyooka kama unavyoonekana kwenye karatasi, mpaka unakuja karibu 40, iko ndani. Ukikadiria kwa milimita za kawaida unapata kama 37, iko nje. Sampuli moja, speki moja, majibu mawili, na jibu lenyewe la kweli ni kwamba pale 1.18 hakuna sharti lolote! Ndo maana mimi mipaka naichora na alama ndogo kwenye kila chekeche la speki, ili msomaji aone wapi sharti lipo na wapi ni kamba tu ya kuunganisha. Na tafadhali usiwashe ile ya kulainisha mistari, nimeona mpaka wa juu umelainishwa ukabenjuka ukapita 100, eti udongo unaopita ni zaidi ya udongo uliowekwa.

Tatizo linalofanana na hilo ni maabara na speki kutumia seti tofauti za machekeche. Speki imeandikwa kwa mtindo wa ASTM, viwango vya Kimarekani, ina 4.75 na 0.075, maabara wana seti ya Ulaya yenye 0.063, hapo huna namba ya kulinganisha moja kwa moja, utakadiria. Kukadiria sio dhambi, ila kwenye jedwali namba iliyokadiriwa iwe na alama yake, isijifanye imepimwa. Mimi nikiweza nawaambia mapema tu, ongezeni chekeche hili, ni rahisi kuliko kubishana baadae.

Kuna ile bendera ya chini ya grafu pia, inayoonyesha chembe za ukubwa gani zinaitwaje, iliyoandikwa silti (chembe laini kuliko mchanga), mchanga, changarawe. Watu wanaiacha kama ilivyokuja na programu. Kwa USCS, mfumo wa Kimarekani wa kuainisha udongo, mchanga unaanzia 0.075 hadi 4.75 mm, kwa ISO 14688, kiwango cha kimataifa cha kazi hiyohiyo, unaanzia 0.063 hadi 2 mm. Ile sampuli yangu kwa USCS ina mchanga asilimia 34, toa 18 kwenye 52. Kwa ISO ukichukulia kwamba 0.063 inapita 17, mchanga ni 21 tu, mwingine wote umehamia kwenye changarawe bila hata chembe moja kusogea. Ukiweka bendera ya ISO halafu maelezo ya sampuli yameandikwa kwa USCS, umempa msomaji kitendawili. Bendera ifuate mfumo wa maelezo, na jina la mfumo liandikwe palepale.

Mwelekeo wa mhimili sitaki hata kuugusa sana, wengine wanataka chembe kubwa zikae kushoto wengine kulia, uliza anayesoma ripoti maisha yaendelee. Ila moja nidokeze, ule udongo unaobaki kwenye sahani ya chini usiupe ukubwa wa 0 mm, skeli ya logi haina sifuri, programu itakugomea au itachora mstari unaokimbilia nje ya karatasi.

Sampuli nyingi kwenye grafu moja nazo, sita naona ndo mwisho. Kumi na mbili pamoja na mipaka ya speki mbili ni kama nywele ambazo hazijachanwa. Siku hizi mipaka naijaza kivuli cha kijivu hafifu nyuma, sampuli zinapita mbele, kila grafu speki moja, na zikiwa nyingi nagawa kurasa.

Ile ripoti niliirudia siku ileile, safu ya 0.075 nikaweka 0 na 15, mistari ikateremka mpaka mwisho, na mstari wa sampuli ukaonekana waziwazi unatoboa mpaka wa juu kuanzia katikati ya 0.425 na 0.075. Nikaona niongeze ufundi, kila nukta iliyofeli iwe nyekundu. Nikatuma. Injinia akaprinti kwa printa ya nyeusi na nyeupe, akapiga simu tena, "sasa iliyofeli ni ipi hapa?" Nimebadilisha, sasa hivi ni alama ya X kubwa na namba 18 pembeni yake.