Dodoma hadi Manyoni kwa matairi ya matope

Dodoma hadi Manyoni kwa lami ni safari nyepesi, hata gari dogo linafika bila shida. Sisi hatukutaka lami yote. Tulipanga kuiacha lami pale Bahi, tuingie mbuga ya udongo mweusi upande wa Chipanga, turudi barabarani, halafu tuiache tena baada ya Kintinku na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kilimatinde kwa njia ya mawe. Tairi lile lile lingekanyaga lami ya moto, udongo mweusi uliolowa, mchanga wa korongo na mawe yenye ncha, yote kati ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo safari ilianzia kwa wauza matairi wa Dodoma mjini.

Gari lilikuwa Land Cruiser mkonga, rimu za chuma za inchi 16, upana inchi 6. Muuzaji wa kwanza alitutolea 285/75R16, yaani upana milimita 285, kimo cha ubavu asilimia 75 ya upana huo, kwa rimu ya inchi 16, lenye kashata, vile vipande vya mpira vya kukanyagia, kubwa kama matofali. "Kaka, ukifunga hili hukwami popote." Tairi lilikuwa zuri, ila saizi hiyo hutaka rimu ya inchi 7.5 hadi 9. Ukilibana kwenye rimu ya 6, katikati ya uso hutuna, na mabega hayagusi chini sawasawa. Tulimshukuru ndugu yule tukaendelea kutafuta.

Tulichochukua ni tairi la matope la 235/85R16, LT, plai 10, 120/116Q. Tairi hili hukaa sawasawa kwenye rimu ya inchi 6. Kimo chake, ukipiga hesabu, ni milimita 806 hivi, karibu sawa kabisa na 265/75R16 yenye milimita 804, kwa hiyo gari linainuka kiasi kile kile, tofauti ni upana tu. Kwa mbuga za Dodoma tofauti hiyo ni kubwa. Mvua za mwanzo wa kifuku hulowesha udongo kwa kina cha kiganja hivi, chini yake bado ni pagumu. Tairi jembamba hukata lile tope la juu, likafika kwenye ugumu na kushika. Tairi pana huelea juu ya utelezi na kusukuma rundo la tope mbele yake. Mchangani mambo hugeuka, pana ndilo lenye raha, lakini mchanga unaweza kuusaidia kwa kupunguza upepo, wakati tope la mfinyanzi halikusamehei upana hata ufanyeje.

Usomaji wa ubavuni ni wa kuchukua muda, hata muuzaji akikuharakisha. LT huonyesha kwamba tairi limeundwa kwa gari la mzigo, si la abiria. 120 ni kilo 1,400 kwa kila tairi, 116 ni kilo 1,250 likifungwa la pacha, na Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Plai 10 si hesabu ya tabaka halisi. Ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi za nyuzi za pamba. Tabaka halisi zimeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, mstari mmoja wa sehemu ya kukanyagia na mwingine wa ubavu. Hapo ndipo pa kukazia macho. Matairi mengi yana tabaka 2 ubavuni. Ya matope yaliyo imara huwa na 3. Tunasisitiza ubavu kwa sababu tundu la usoni linazibika barabarani, ubavu uliochanika hauzibiki. Visiki vya mashamba yaliyofyekwa na mawe ya Kilimatinde hutafuta ubavu, hayatafuti meno.

Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu 4 mwishoni mwa msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa umepangwa dukani, na joto la Dodoma huuharakisha. Kati ya tairi la jina kubwa, tuseme BFGoodrich au Cooper, lililokaa rafuni miaka 7, na la jina dogo la mwaka huu lenye ubavu wa tabaka 3, sisi tunachukua la pili bila kusita. Kwa mtumba angalia chini ya kashata, siyo juu yake. Meno yanaweza kuwa marefu bado, huku shinani mwake kuna nyufa nyembamba zilizozunguka tairi zima. Hilo litameguka vipande kwenye mawe ya kwanza.

Jambo moja tulisema dukani na tunalisema hapa kwa nia njema. Kama njia yako ya kila siku ni Dodoma, Kondoa, Babati, yaani lami mwanzo mwisho, usinunue tairi la matope. Chukua lile la mchanganyiko la A/T, la lami na vumbi pamoja. La matope lina kina cha milimita 15 au 16 likiwa jipya, A/T huwa 12 au 13, lakini ile nafasi kubwa kati ya kashata maana yake ni mpira mchache unaogusa lami. Linaisha haraka zaidi, linavuma, na lami ikilowa linachelewa kusimama.

Tulitoka mjini na upepo wa psi 36 mbele na 42 nyuma, gari likiwa na mzigo, zimepimwa kabla jua halijapasha matairi. Kipimo cha asubuhi ndicho cha kuaminika. Baada ya saa moja ya mwendo upepo hupanda kwa sababu ya joto, na kupanda kwa psi 4 hadi 6 ni dalili njema. Ukipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo na ubavu unajikunja kupita kiasi. Ukipanda chini ya hapo, ulijaza mno. Tulisimama Bahi tukapima, tukaridhika. Tangu Nala sauti ya matairi ilikuwa juu kidogo, na gari la mbele tuliliachia nafasi kubwa kuliko kawaida kwa sababu ile ile ya kuchelewa kusimama.

Bahi ni nchi ya mpunga kwa sababu maji hayana pa kwenda. Mto Bubu unashuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia kwenye kinamasi cha Bahi, na udongo wa pale ni mfinyanzi mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ukavu wake ni mgumu wa kuvunja jembe, unyevu wake hunata. Tulipoiacha lami tukashusha upepo hadi psi 22 kwa matairi yote, tukaunganisha habu za mbele ili magurudumu ya mbele nayo yavute, tukaingia gia ya nguvu. Psi 22 inarefusha alama ya tairi chini na kulifanya lijikunje, na kujikunja huko ndiko kunakobandua tope kwenye mifereji.

Mfereji wa tairi ndio roho ya jambo lenyewe. Tairi la A/T lina mifereji myembamba. Mfinyanzi ukishajaa humo, tairi linageuka kipara, haidhuru lina umri gani. Kwenye la matope mifereji ni mipana, mdomo wake mpana kuliko kitako, na chini kuna vinundu vya kusukuma tope na mawe nje. Hata hivyo halijisafishi lenyewe likijivuta polepole. Linahitaji kasi ya kuzunguka ili tope liruke. Tulikwenda gia ya 2, mwendo wa kawaida usiokatika, na kila tulipohisi gari linazembea tuliongeza mafuta kidogo kwa sekunde moja au mbili, tope likaruka, tukapunguza. Ukizidisha hapo tairi linachimba. Gari lisiposonga mbele tena, acha mafuta mara moja, kwa kuwa kila mzunguko unaofuata unalishusha tu, na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikishalala juu ya tope hakuna meno yatakayokuokoa. Rudi nyuma kwenye njia yako uliyokwisha kuikandamiza, au chezesha usukani kushoto na kulia kidogo kidogo ili kashata za mabegani ziume kingo za mtaro.

Mbele ya majaruba njia iligawanyika. Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe alitupungia mkono, tukasimama kumwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda Chipanga? Msipite pale kati, hata kama mnaona nyayo za trekta. Hakuna chini pale. Zungukeni kwenye ile migunga."

Tulizunguka. Mahali ambapo udongo umelowa hadi ndani, kama inavyokuwa Machi na Aprili mvua zikiwa nzuri, tairi jembamba halina ugumu wa kuufikia na pana halielei vya kutosha kwa uzito wa tani 3. Hapo kuzunguka ndiyo njia pekee, na anayechunga pale kila siku anajua kuliko geji yoyote.

Migunga ilikuwa na bei yake: miba. Mwiba mkavu wa mgunga huingia kati ya kashata, pale mpira ulipo mwembamba. Tulikagua tukakuta mmoja umezama tairi la nyuma kulia, tukapaka maji yenye sabuni, povu likatoka taratibu. Usiung'oe kabla vifaa havijawa mkononi. Ng'oa, zungushia tupa tunduni kwa kufuata mwelekeo ule ule wa mwiba, paka gundi uzi wa kuzibia, uingize hadi ibaki sentimita 1 au 2 nje kila upande, vuta sindano haraka, kata mabaki, jaza upepo, mwagia tena maji ya sabuni. Ufikapo mjini fundi pancha aweke kiraka kwa ndani. Wenye rimu za pete, zile zinazofunguka kwa pete ya chuma, na mpira wa ndani wana faida kwamba fundi wa kijiji chochote anaweza kuufungua na kuuziba. Hasara yao ni kwamba wakishusha upepo sana tairi huzunguka juu ya rimu na kung'oa vali.

Korongo la mchanga kabla ya kurudi lami tulilivuka kwa psi 16. Meno ya matope mchangani ni majembe, kwa hiyo hapa kanuni inapinduka: hakuna kuongeza mafuta ghafla, hakuna kusimama katikati, wala kukata kona kali, maana chini ya psi 15 hivi mdomo wa tairi, ule ukingo unaoshika rimu, unaweza kuchomoka.

Kabla ya kukanyaga lami tulifanya kazi ambayo wengi huiruka. Tulichukua kijiti tukatoa tope lote lililoganda ndani ya rimu, gurudumu moja moja. Kilo moja ya mfinyanzi upande mmoja wa rimu inatosha kutikisa usukani ukifika 70, na dereva asiyejua huanza kulaumu balansi au bushi. Kisha tukajaza upepo kwa kompresa ndogo ya betri, injini ikiwa imewaka. Kazi hii inakula muda, lakini kukimbia 80 kwa psi 20 kunaunguza ubavu kwa ndani, na tairi hupasuka baadaye, labda wiki nyingine, pasipo sababu ya kuonekana.

Njia ya mawe ya kupanda Kilimatinde tuliikwea kwa psi 28. Laini kiasi hicho, uso wa tairi hulikumbatia jiwe badala ya kulipiga. Upepo ukiwa mwingi jiwe hukata. Ukiwa mdogo mno ubavu hutoka nje ya mstari wa rimu na kukwaruzwa. Gurudumu likizunguka bure juu ya jiwe kashata hukwanyuka vipande, hasa mpira ukiwa na moto, kwa hiyo tulipanda gia ya 1 nzito bila haraka, na penye kona mmoja wetu alitangulia kwa miguu kuelekeza.

Manyoni tulizungusha kila tairi tukipapasa mabavu kwa kiganja. Mikwaruzo ilikuwepo, hakuna uliofika kwenye nyuzi. Kashata mbili za tairi la mbele kushoto zilikuwa zimemeguka pembeni, kiasi cha ukucha. Kila kilomita 8,000 hivi matairi haya hubadilishana nafasi, la spea likiwemo, maana kwenye lami kashata huisha upande mmoja na kuacha ukingo mkali nyuma, na hapo ndipo mvumo unapozidi. Tuliliandikia la mbele kushoto chaki ili lipelekwe nyuma kwanza, tukayajaza yote upepo wa lami kwa ajili ya kurudi.