Ruaha Mbuyuni, kisha Kitonga

Barabara ya Dar kwenda Zambia ina vipande vingi vya kupendeza, lakini kwangu hakuna kinachofikia kile cha kutoka Mikumi hadi Ilula. Ukishaacha hifadhi ya Mikumi, milima inasogea, Mto Ruaha Mkuu unajitokeza pembeni, na mibuyu inaanza kuhesabika kwa mamia. Wengi hukipita usiku wakiwa usingizini ndani ya basi. Inasikitisha.

Nenda mchana. Ukikipita kiangazi, mibuyu haina jani hata moja na mabonde yote yanaonekana hadi chini. Mvua zikianza, bonde lile lile linakuwa kijani na huwezi kuona mbali. Mimi naona kiangazi ndicho chenye uzuri zaidi. Simama Ruaha Mbuyuni, kwa wauza vitunguu, si kwenye kona.

Baada ya hapo ndipo mlima Kitonga. Anayetoka Dar anaupanda, anayetoka Iringa anauteremka, na ugumu wa safari hizo mbili haufanani. Anayepanda tatizo lake ni joto la injini: malori yanatambaa, nawe nyuma yao unakosa upepo wa kupoza rejeta. Zima kiyoyozi, tazama geji, acha nafasi mbele yako. Sindano ikipanda, tafuta sehemu pana uegeshe, na usifungue kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa kabisa.

Anayeteremka ndiye wa kuombewa. Shaba ya Zambia na Kongo inashukia hapa kwenda bandarini. Ukiliona lori la shaba utadhani liko nusu tupu, maana mzigo ni mafungu machache ya mabamba manene ya shaba yaliyolala chini kabisa ya trela, kumbe uzito umeshatimia. Dereva akianza mteremko na gia nyepesi, ile ya mwendo kasi, kazi yote inabaki kwa breki. Pedi zinapata moto, ngoma ya breki inatanuka na kuikimbia pedi, mguu unakanyaga na gari halipungui. Akipampu pampu, upepo wa breki nao unakwisha. Kubadili gia wakati huo ni kubahatisha: ikigoma kuingia, gari limebaki frii, bila gia.

Kwa hiyo gia huchaguliwa juu, kabla ya kona ya kwanza. Ile ambayo ungepandia mlima huo ukiwa na mzigo huo, ndiyo ya kuteremkia. Breki hukanyagwa kwa nguvu ya kutosha, mwendo ushuke, kisha huachiwa zipoe. Kuiegemea njia nzima ndiko kunakoziunguza. Kuteremka frii ili kuokoa mafuta ni kucheza na roho za watu.

Wenye magari madogo, msilipite lori kwenye kona kwa sababu tu utingo amepunga mkono. Na mkiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, punguzeni mara moja: kuna gari limekufa mbele, mara nyingi baada tu ya kona.

Mkimaliza kuteremka, zungukeni gari. Sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kupita wenzake, breki yake inashika yenyewe na inahitaji fundi. Usimwagie maji, chuma cha moto hupasuka. Wala usivute handibreki; weka gogo kwenye tairi, usubiri.