Fomu inayojua saa mbili ni saa ngapi

Katika jedwali letu la kwanza la vipimo vya mikoko, miti ya Kipungani, huku Lamu, ilipimwa saa nane usiku. Mwenzetu aliandika kwenye karatasi "2:00", yaani saa mbili asubuhi, kama watu wote wa kwetu wanavyohesabu. Aliyeingiza data mjini akaipiga vilevile kwenye Excel, na Excel haihesabu saa tangu kucha; kwake 2:00 ni saa nane usiku. Miezi ikapita kabla sijaliona kosa. Nililiona nilipolinganisha saa zetu na maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huku Lamu maji hukauka sana mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo anayeingia mikokoni saa mbili anayafuata maji yanavyotoka. Saa nane usiku maji yanakaribia kujaa, na hakuna mtu anayepima mti wakati huo.

Siku ileile nikaona jingine. Lamu iko kusini ya ikweta, latitudo yake ni kama -2.27. Aliyenakili alikuwa amesahau ile alama ya kutoa kwenye mistari kadhaa, na ploti zetu, yaani vipande vya msitu tunavyovipima, zikahamia kilomita 500 kaskazini, nchi kavu upande wa El Wak, ambako hakujaota mkoko hata mmoja. Nilikaa na lile jedwali mpaka alfajiri. Roho iliniuma, kwa sababu takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, na marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwakuta watu wa nyumbani kwetu wanaoishi kwa boriti na pau, miti ya kujengea, minene na myembamba. Mtu akija kuuliza msitu huu una nini, nataka jibu letu liwe limepimwa sawasawa.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta programu ya simu ya kukusanyia data. Wengi huniuliza ipi ni bora, na mimi huwajibu kwa swali: nani ataishika hiyo simu, na anaviitaje vitu anavyovihesabu?

Nilianza na iNaturalist, kwa kuwa nilikuwa nayo tayari kwa ajili ya ndege. Naipenda sana. Unapiga picha, unaiweka, na watu wanaojua wanakusaidia kutambua kiumbe. Hata mahali penye kiumbe kilicho hatarini hupaficha, wageni wakaona eneo pana tu badala ya nukta kamili, na kwa viota vya kasa hilo ni jambo kubwa. Lakini inakuambia kilichoonekana. Haikuambii kisichokuwepo. Kwenye ploti ya mita 10 kwa 10 mimi nahitaji kujua kwamba tulitafuta miche ya chini ya sentimita 40 na tukakuta sifuri. Sifuri ni habari nzito kuliko zote, maana inasema msitu haujirudishi. Kwenye karatasi zetu za zamani nafasi ilikuwa inaachwa wazi, na sasa hakuna awezaye kuniambia kama hapakuwa na miche au mtu alichoka kuhesabu.

Epicollect5 niliijaribu kwa wiki mbili. Ni ya bure, fomu unaitengeneza kwa kuburuta maswali kwenye tovuti yao, na kwa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi ningemshauri aanzie hapo. Mwisho nilitulia na KoboToolbox, ambayo programu yake ya simu imejengwa juu ya ODK, mfumo wa kukusanyia data kwa simu ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani. Sababu yangu ilikuwa moja. Fomu yake naiandika kwenye Excel, neno kwa neno, na kila swali naweza kuliwekea lugha zaidi ya moja, na kila jibu picha yake.

Picha hizo nilizipiga kwa ajili ya ami yangu. Ami amekata mikoko tangu ujana wake, akipeleka boriti kwa dau. Hasomi vizuri, na macho yake siku hizi hayavumilii herufi ndogo juani. Lakini mti anaujua kwa kuugusa tu. Kwenye fomu ya kwanza, iliyokuja na majina ya kilatini, alinirudishia simu kimya. Nikakaa jioni mbili nikipiga picha za majani, maua na mizizi: mkoko wenyewe (ule unaosimama juu ya mizizi), mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi. Nikaziweka kwenye fomu. Majina ya kilatini yakabaki nyuma, kwenye safu anayoiona mchambuzi peke yake. Kule Afrika Kusini, CyberTracker ilibuniwa kwa fikra kama hii, kwa vielelezo, ili wafuatiliaji wa nyayo wasiojua kusoma waandike wanachokijua kuliko mtafiti yeyote.

Safari iliyofuata ami aligusa picha ya muia, akanionyesha skrini. "Mwanangu, huu ndio wenyewe. Lakini mbona hukuniuliza kama ni pau au boriti?"

"Ami, simu itahesabu yenyewe. Wewe nipe mzingo tu."

Hilo nalo lilitokana na kosa. Futikamba ukiizungusha shinani inakupa mzingo, na karatasi ilikuwa inataka kipenyo. Wengine waligawa kwa 3.14, wengine hawakugawa, na mti wa sentimita 10 ukaingia kama wa 31. Sasa fomu inauliza mzingo peke yake na kugawa yenyewe. Mtu akichagua mkoko, inamkumbusha apime sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, kwa sababu mkoko unasimama juu ya miguu yake na ile mita 1.3 ya kawaida mara nyingi huangukia kwenye mizizi. Saa haiandikwi tena na mtu. Simu inajiwekea, na latitudo pia inakuja na alama yake.

Ya vifaa sina mengi. Chagua programu inayofanya kazi bila mtandao hata kidogo, maana ukiingia kwenye mkono wa bahari nyuma ya Manda simu haina hata mstari mmoja. GPS haihitaji mtandao, ila chini ya majani mazito inachelewa. Subiri namba ya usahihi ishuke. Skrini yenye maji ya chumvi inajibonyeza yenyewe, kwa hiyo tunatia simu kwenye mfuko wa plastiki unaobana, na mmoja wetu kazi yake ni simu tu, habebi kingine wala hashiki tope. Picha zisipitie WhatsApp, kwa sababu ukizituma huko kama picha za kawaida, mahali zilipopigwa hufutika. Na kabla hujaingiza mti wa kwanza, jaribu kutoa data yote nje ya programu, ikae kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ikikukatalia hilo, iache. Daftari na penseli bado tunavibeba. Penseli, si kalamu ya wino.

Bamvua iliyopita, tukirudi na maji yanajaa, ami alikuwa bado anaifikiria fomu. Swali letu la vitako, yaani visiki vya miti iliyokatwa, lilikuwa na majibu mawili: kipo, hakipo. Akasema halitoshi. Mkoko ukiukata chini umekufa, hauchipui. Mchu ukiukata unatoa machipukizi pembeni, na baada ya miaka una miti mitatu kwenye shina moja. "Ukiandika kitako tu, umeuandika mfu mti ulio hai."

Usiku huo niliongeza swali: kitako kinachipua, machipukizi mangapi? Linajitokeza ukichagua mchu. Nimempigia ami picha ya kitako chenye machipukizi hapo Matondoni, na jumamosi, maji yakitoka, tunaingia nayo.